Kisanduku Kilichoachwa Wazi: Historia ya Hoja za Hiari katika Msimbo wa Fomu za Wavuti, 1993–2021

Utangulizi

Karani anayepokea fomu ya karatasi hupokea pia visanduku ambavyo havikujazwa. Kisanduku kilichoachwa wazi kipo mbele ya macho yake, kina namba na kichwa chake, na anaweza kukinyooshea kidole na kumwuliza mwenye fomu iwapo amesahau, amekataa, au jambo lenyewe halimhusu. Fomu ya wavuti haimpi karani wake, yaani programu iliyoko kwenye seva, fursa hiyo. Karatasi haisafiri. Kinachosafiri ni mfululizo wa jozi za majina na thamani, na kisanduku ambacho hakikujazwa huweza kufika kikiwa na jina bila thamani, au kisifike kabisa. Programu hubaki na kazi ya kufasiri kimya.

Makala hii inachunguza namna watunga programu wa wavuti walivyoishughulikia kazi hiyo tangu fomu za kwanza za mwaka 1993 hadi mwaka 2021, na hasa namna walivyozipitisha thamani za fomu kwenye funksheni zenye hoja za hiari. Neno hoja linatumika hapa kwa maana ya kile kinachopewa funksheni ili ifanye kazi yake. Hoja ya hiari ni ile ambayo mwitaji wa funksheni anaruhusiwa kuiacha. Maelezo yaliyozoeleka huliona suala hili kuwa la sintaksia: lugha zilikosa njia fupi ya kusema “ikiwa haipo, tumia hii badala yake”, kisha zikaipata. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanaacha nje sehemu kubwa ya kilichotokea. Dai linalojengwa hapa ni kwamba utata ulianzia kwenye kanuni za kusafirisha fomu, wala si kwenye lugha za programu. Na kwamba kila lugha au kiunzi kilichotoa njia fupi bila kutenganisha kilichokosekana na kilicho kitupu kiliusogeza utata huo ndani zaidi ya programu, mahali ambapo ni vigumu kuuona.

Urithi wa kabla ya wavuti

Hoja za hiari ni za kale kuliko fomu za wavuti. Common Lisp, kama ilivyoelezwa na Guy Steele katika kitabu chake cha mwaka 1984, iliruhusu hoja ya hiari iambatane na thamani chaguomsingi, na pia na kigeu cha ziada ambacho kazi yake ni moja tu: kueleza kama mwitaji aliileta hoja hiyo au hakuileta. Kigeu hicho kinastahili kuangaliwa kwa makini. Kuwapo kwake ni ushahidi kwamba wabunifu wa lugha hiyo walikwisha kutambua kuwa mtu anaweza kuleta kwa makusudi thamani ileile iliyo chaguomsingi, na kwamba kuileta si sawa na kunyamaza. Katika mkondo mwingine, Tony Hoare aliingiza rejeo la null katika lugha ya ALGOL W mwaka 1965, jambo ambalo mwaka 2009 alilitaja hadharani mjini London kuwa kosa lake lililogharimu dola bilioni. Na katika hifadhidata za uhusiano, E. F. Codd aliijengea null mantiki yake yenye hali tatu: kweli, si kweli, na haijulikani.

Kwa hiyo, wavuti ulipoanza, maarifa ya kutenganisha aina za kimya yalikwisha kuwapo. Hayakufika kwenye fomu.

Kanuni ya mwaka 1995

Fomu ziliingia katika wavuti mwaka 1993 kupitia kivinjari cha Mosaic, kilichotengenezwa katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Katika kituo hichohicho na mwaka uleule ulibuniwa utaratibu wa CGI, ambao uliiwezesha seva kuikabidhi programu ya nje yale yaliyojazwa na msomaji. Kanuni zilizokuwa zikifuatwa kwa mazoea ziliandikwa rasmi Novemba 1995 katika waraka wa RFC 1866, ulioandaliwa na Tim Berners-Lee na Daniel Connolly, ambao ndio uliofafanua HTML 2.0.

Waraka huo una maelezo mafupi kuhusu visanduku visivyo na thamani. Unasema kwamba sehemu za fomu zisizo na thamani zinaweza kuachwa wakati wa kutuma, na kwamba visanduku vya tiki na vitufe vya kuchagua ambavyo havikuteuliwa havipaswi kuonekana katika data inayotumwa. Kitenzi kilichotumika katika sehemu ya kwanza ni cha ruhusa, si cha amri: kivinjari kinaweza kuacha, na kinaweza pia kutoacha. HTML 4.0 ya Desemba 1997 iliuendeleza msimamo huohuo kwa lugha nyingine, ikisema kwamba kivinjari hakilazimiki kukihesabu kisanduku kisicho na thamani ya sasa kuwa miongoni mwa vinavyotumwa.

Vivinjari vilitulia kwenye desturi moja. Kisanduku cha maandishi kilichoachwa wazi hutumwa na jina lake, kikifuatwa na alama ya usawa isiyo na kitu mbele yake. Kisanduku cha tiki ambacho hakikutiwa tiki hakitumwi hata kidogo. Kwa hiyo katika fomu moja mna aina mbili za kutojaza, na kila moja hufika kwenye seva kwa namna yake.

Kwa fomu ya kutafuta kitabu katika katalogi ya maktaba, desturi hiyo haina dosari: mtafutaji asipochagua lugha, lugha zote zinakubalika. Matumizi ya mwanzo ya fomu yalikuwa kwa kiasi kikubwa ya namna hiyo, na ni haki kuihukumu kanuni kwa kuzingatia kazi iliyokusudiwa. Dosari hujitokeza fomu inapotumika kurekebisha kumbukumbu iliyopo. Mtu anafungua ukurasa wa taarifa zake, anaondoa tiki kwenye kisanduku kinachoruhusu kutumiwa matangazo, anatuma. Hakuna kinachofika kuhusu kisanduku hicho. Programu iliyoandikwa kwa busara ya kawaida, yaani “badilisha yale yaliyoletwa, yaliyobaki yaache kama yalivyo”, itaacha ruhusa ileile iendelee. Mtu aliyesema hapana amehesabiwa kuwa hakusema lolote.

Perl: orodha inayopungua na kuongezeka

Lugha iliyotawala fomu za miaka ya tisini ilikuwa Perl, na chombo chake mashuhuri kilikuwa moduli ya CGI.pm ya Lincoln Stein, iliyoingizwa katika mgawo rasmi wa Perl toleo la 5.004 mwaka 1997. Mbinu yake kuu iliitwa “param”: mtunga programu hutaja jina la kisanduku, naye hupewa kilichojazwa. Nyaraka za moduli zilieleza hali zote kwa uwazi. Jina lililoletwa bila thamani hurudisha mfuatano mtupu wa herufi. Jina ambalo halikuletwa hurudisha “undef” ikiwa mwitaji anangoja thamani moja. Lakini ikiwa mwitaji yuko katika muktadha wa orodha, jina ambalo halikuletwa hurudisha orodha tupu, na jina lililoletwa mara kadhaa hurudisha thamani zake zote.

Hapo ndipo tabia ya fomu ilipokutana na tabia ya Perl. Hoja za funksheni katika Perl ni orodha moja bapa, na desturi ya kuita funksheni kwa hoja zenye majina hutekelezwa kwa kuziandika jozi za jina na thamani moja baada ya nyingine katika orodha hiyo. Mahali pa thamani pakiandikwa “param”, muktadha ni wa orodha. Kisanduku kisipoletwa, thamani haiwi tupu. Nafasi yake hutoweka, na jina la hoja inayofuata husogea na kukaa mahali pa thamani. Kisanduku kikiletwa mara tatu, thamani mbili za ziada hugeuka kuwa jozi mpya ambayo mtunga programu hakuiandika.

Madhara ya jambo hilo yalidhihirika Oktoba 2014 katika Bugzilla, programu ya Mozilla ya kufuatilia hitilafu ambayo ilikuwa ikitumiwa na miradi mingi mikubwa ya programu huria. Watafiti wa kampuni ya Check Point walionyesha namna hatua ya mwisho ya kufungua akaunti ilivyoweza kupotoshwa. Mfungua akaunti alikuwa amekwisha kuthibitisha anwani yake ya baruapepe kwa kiungo alichotumiwa. Programu kisha iliita funksheni ya kuumba mtumiaji kwa jozi tatu: anwani iliyothibitishwa, jina halisi, na nenosiri. Jina halisi lilikuwa hoja ya hiari, na lilichukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye fomu kwa “param”. Mshambuliaji aliyetuma kisanduku cha jina halisi mara tatu, thamani ya pili ikiwa ni neno linalotaja hoja ya anwani na ya tatu ikiwa anwani asiyoimiliki, aliifanya orodha iwe na jozi moja zaidi. Kwa kuwa katika jedwali la Perl jozi ya baadaye hufuta ya awali yenye ufunguo uleule, anwani iliyothibitishwa ilibadilishwa na ile ya kughushi.

Uzito wa jambo hilo ulitokana na matumizi ya anwani zenyewe. Bugzilla humruhusu msimamizi kuwaingiza watu katika makundi kwa kulinganisha tu mwisho wa anwani zao: yeyote mwenye anwani ya taasisi fulani huhesabiwa kuwa mmoja wao. Aliyejipa anwani hiyo aliweza kusoma taarifa za hitilafu za usalama ambazo hazijatangazwa, yaani orodha ya milango iliyo wazi katika programu za watu wengine. Matoleo yenye marekebisho yalitolewa tarehe 6 Oktoba 2014. Tiba yenyewe ilikuwa neno moja, “scalar”, lililowekwa mbele ya mwito ili kulazimisha thamani moja. CGI.pm nayo ilianza mwezi huohuo kutoa onyo kila “param” inapoitwa katika muktadha wa orodha, na ikaongeza mbinu tofauti kwa anayetaka thamani nyingi kwa makusudi. Mwaka uliofuata moduli hiyo iliondolewa katika mgawo rasmi wa Perl toleo la 5.22, kwa uamuzi uliokuwa umepitishwa kabla ya tukio hilo.

Kwa upande wa chaguomsingi, Perl ilitegemea kwa muda mrefu opereta ya “au” yenye mistari miwili ya wima, ambayo huichukua thamani ya kulia kila ile ya kushoto inapohesabiwa kuwa si kweli. Katika Perl mfuatano mtupu si kweli, na sifuri pia si kweli. Aliyejaza 0 kama idadi ya wategemezi wake alipewa chaguomsingi kana kwamba hakujaza. Toleo la 5.10 la Desemba 2007 liliongeza opereta ya mikwaju miwili, inayouliza tu kama thamani ipo. Ni miaka kumi na minne tangu fomu za kwanza.

PHP: hoja ambazo hakuna aliyezitangaza

Historia ya PHP inaweza kusomwa kuwa historia ya lugha iliyozaliwa ndani ya fomu. Rasmus Lerdorf aliitangaza hadharani Juni 1995 kama seti ya zana za kurasa zake binafsi, na urahisi wake mkuu ulikuwa huu: kila kisanduku cha fomu kiligeuka chenyewe kuwa kigeu chenye jina lilelile. Utaratibu huo, uliokuja kujulikana kwa jina la mpangilio wake, “register_globals”, ulimwondolea mtunga programu kazi yote ya kuchukua thamani. Ulimwondolea pia uwezo wa kujua kigeu kimetoka wapi.

Tatizo lilikuwa kwa vigeu ambavyo mtunga programu alivitegemea viwe vitupu mwanzoni. Programu iliyoandika “nenosiri likiwa sahihi, weka alama ya idhini”, bila kuifuta alama hiyo kwanza, ilidhani kwamba alama haipo hadi masharti yatimie. Lakini yeyote aliyeongeza jina la alama hiyo katika anwani ya ukurasa aliileta mwenyewe. Kwa maneno mengine, kila kigeu kisichopewa thamani ya kuanzia kilikuwa hoja ya hiari ya programu nzima, iliyo wazi kwa dunia, bila mtu yeyote kuitangaza. PHP 4.1 ya Desemba 2001 ilileta majedwali maalumu ya kuwekea yaliyotoka kwenye fomu. PHP 4.2 ya Aprili 2002 ilizima utaratibu wa zamani kama chaguomsingi. Ulianza kuonywa rasmi katika toleo la 5.3 la mwaka 2009, na ukaondolewa kabisa katika toleo la 5.4 Machi 2012. Kutoka kuzimwa hadi kuondolewa ni karibu miaka kumi, na urefu huo ni kipimo kizuri cha wingi wa programu zilizokuwa zikitegemea ukimya huo.

Baada ya majedwali hayo kuingia, kila thamani ya hiari ililazimu swali: je, imeletwa? PHP ilitoa majibu mawili yaliyofanana kwa sura. “isset” huuliza kama kitu kipo na si null. “empty” huuliza kama ni kitupu, na kwa “empty” mfuatano wenye herufi moja ya sifuri ni mtupu. Watunga programu wengi walitumia la pili kwa sababu lilikamata pia kisanduku cha maandishi kilichoachwa wazi, na kwa kufanya hivyo wakazitupa sifuri zote za halali. PHP 7.0 ya Desemba 2015 ilifupisha swali la kwanza kwa opereta ya alama mbili za kuuliza: thamani hii, au kama haipo, ile. Opereta hiyo ilipokewa vizuri, na kwa haki, maana iliondoa urudiaji mwingi. Hata hivyo haijibu hali iliyo ya kawaida kuliko zote. Kisanduku cha maandishi ambacho mtu hakukijaza hufika kikiwa kitupu, hakikosekani. Kwa hiyo opereta hurudisha mfuatano mtupu, na chaguomsingi halitumiki kamwe. Kwa data ya fomu, njia fupi iliyongojwa kwa miaka ishirini ilitatua kisa cha nadra na kukiacha cha kila siku.

Kiunzi cha Laravel kilijaribu kuziba pengo hilo. Tangu toleo la 5.4 la Januari 2017, kila mfuatano mtupu unaotoka kwenye fomu hubadilishwa kuwa null kabla haujafikia msimbo wa mtunga programu. Nyaraka zake zililazimika kuongeza maelezo maalumu kuhusu sehemu za hiari: kwa kuwa kisanduku kilichoachwa wazi sasa ni null, kanuni ya uhakiki ni lazima itaje waziwazi kwamba null inakubalika, la sivyo kisanduku cha hiari kitakataliwa kwa kutokuwa, kwa mfano, tarehe sahihi. Ni suluhisho la unyoofu zaidi kuliko mengi, kwa kuwa linamlazimisha mtu kuandika neno “hiari” mahali fulani. Lakini lina gharama yake: tofauti kati ya aliyefuta anwani yake kwa makusudi na ambaye hakuwahi kuwa nayo hufutwa mlangoni.

Upande wa pili wa suala, yaani wa funksheni zenyewe, unaonekana vizuri katika “htmlspecialchars”, funksheni ambayo huyafanya maandishi ya msomaji yawe salama kuonyeshwa tena katika ukurasa. Hoja yake ya nne, iliyoongezwa mwaka 2007, huamua kama alama zilizokwisha kugeuzwa zigeuzwe tena. Ili kuifikia, mtunga programu alilazimika kuandika pia hoja ya pili na ya tatu, ingawa hakutaka kuzibadilisha. Aliandika machaguomsingi kwa mkono wake. Chaguomsingi likinakiliwa huacha kuwa chaguomsingi: PHP 5.4 ilipobadilisha usimbaji wa herufi wa funksheni hiyo kutoka ISO-8859-1 kwenda UTF-8, msimbo uliokuwa umeinyamazia hoja ya tatu ulifuata badiliko, na ule ulioitaja kwa sababu tu ya kuifikia ya nne ulibaki nyuma. Hoja zenye majina ziliingia katika PHP 8.0 ya Novemba 2020. Python ilikuwa nazo tangu mwaka 1995. Toleo hilohilo la PHP lilianza kuonya kuhusu funksheni zinazoweka hoja ya lazima baada ya hoja ya hiari, mpangilio ambao huifanya hiari hiyo kuwa ya jina tu. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2021, PHP 8.1 ilianza kuonya pia pale null inapopitishwa kwenye funksheni za ndani zinazongoja maandishi. Hapo ndipo programu nyingi zilipogundua ni mara ngapi zilikuwa zimekabidhi kisanduku kisicholetwa moja kwa moja kwa “htmlspecialchars”.

Viunzi na swali la nani aulizwe

Django, iliyoanzia katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas na kutolewa hadharani Julai 2005, ilihamisha uamuzi kutoka kwenye kila mwito wa funksheni na kuuweka kwenye tangazo la fomu. Kila kisanduku hutangazwa mara moja, na kila kisanduku ni cha lazima mpaka mtunga programu aseme kwamba si cha lazima. Hiari haitokani na kusahau. Kwa upande wa hifadhidata, nyaraka zake hushauri kutoruhusu null katika safu za maandishi, kwa kuwa kuziruhusu ni kuwa na njia mbili za kusema kwamba hakuna data.

Hata hapo kisanduku cha tiki kiliendelea kusumbua. Mwaka 2016 Django iliongeza utaratibu wa kila kidude cha fomu kueleza kama thamani yake imeachwa katika data iliyotumwa, ili modeli iweze kutumia chaguomsingi lake. Vidude vya tiki vilifanywa vijibu daima kwamba hazikuachwa, na sababu inayotolewa katika nyaraka ni ya ukweli usio na pambo: kisanduku kisichotiwa tiki hakionekani katika data, kwa hiyo haiwezekani kujua kama mtumiaji alileta jibu. Kanuni ya mwaka 1995 ilikuwa bado inatawala.

Ruby on Rails ilichukua njia ya ujanja. Msaidizi wake wa kuandika kisanduku cha tiki huandika pia, kabla yake, kisanduku kilichofichwa chenye jina lilelile na thamani ya sifuri. Tiki ikiwapo, thamani mbili hutumwa na ya mwisho hushinda. Isipokuwapo, sifuri hufika peke yake. Kimya kimegeuzwa kuwa neno kwa hila ya maandishi ya ukurasa, na hila hiyo inafanya kazi kwa kutegemea tabia ileile ya majina yaliyorudiwa ambayo iliiangusha Bugzilla.

Rails ilipata pigo lake mahali pengine. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 ilibainika kwamba hoja iliyoletwa kama orodha yenye null ndani yake hupita swali la “je, ni null?”, kwa sababu orodha si null, kisha hifadhidata huitafsiri kuwa utafutaji wa safu zilizo tupu. Katika msimbo wa kubadilisha nenosiri kwa tokeni, maana yake ni kumpata mtumiaji asiye na tokeni, yaani karibu yeyote. Marekebisho yalizigeuza orodha za namna hiyo, pamoja na orodha tupu, kuwa null. Kwa hiyo programu iliyotumiwa orodha tupu kwa nia ya kusema “ondoa vyote” haikuweza tena kuitofautisha na kutotumiwa kitu. Toleo la 5.0 la mwaka 2016 likairudishia orodha tupu hadhi yake.

Upande wa kivinjari unaweza kupitiwa kwa ufupi. JavaScript ilikuwa na maneno mawili ya kukosekana tangu mwanzo. Hoja zenye chaguomsingi, zilizoingia katika kiwango cha mwaka 2015, hutumia chaguomsingi kwa “undefined” tu na si kwa null, ilhali opereta ya alama mbili za kuuliza ya mwaka 2020 huzikamata zote mbili. TypeScript 4.4 ya Agosti 2021 ilitoa mpangilio, usiowashwa wenyewe, unaotenganisha sifa isiyokuwapo na sifa iliyopo yenye “undefined”. Nje ya lugha, waraka wa RFC 7396 wa Oktoba 2014 uliweka kwa marekebisho ya JSON kanuni ambayo fomu za HTML hazikupata kuwa nayo: jina lisiloletwa huacha kitu kama kilivyo, na jina lililoletwa na null hukifuta. Gharama yake ni kwamba null haiwezi tena kuhifadhiwa kama thamani.

Sifuri ya zahanati

Tofauti hizi si za wahandisi peke yao, na mfano ulio karibu na wasomaji wa Kiswahili ni wa takwimu za afya. Nchini Tanzania taarifa za vituo huandikwa katika vitabu vya MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, na majumuisho ya kila mwezi huingizwa katika fomu za wavuti za DHIS2, programu huria inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliisambaza programu hiyohiyo kitaifa mwaka 2011.

Katika kitabu cha karatasi, mhudumu aliyeandika 0 katika safu ya kipindupindu ametoa habari, na aliyeacha safu wazi hakutoa. Kwa chaguomsingi DHIS2 haihifadhi sifuri. Uamuzi huo unaeleweka: fomu ya kituo ina visanduku vingi, vingi vyao ni sifuri kila mwezi, na kuzihifadhi zote ni kuijaza hifadhidata kwa safu zisizobadilisha jumla yoyote. Jumla ya wagonjwa haiathiriki. Kinachoathirika ni swali la aina nyingine, kama vile ni zahanati ngapi zilithibitisha kwamba hazikuwa na mgonjwa, au wastani kwa kila kituo kilichotoa taarifa. Kwa maswali hayo mfumo una mpangilio wa kuhifadhi sifuri, ambao huwekwa kwa kila kipengele cha data peke yake na mtu anayeijua maana yake. Na una kitufe cha kutamka kwamba fomu ya mwezi imekamilika, ambacho huandika kumbukumbu yake yenyewe, mbali na visanduku. Kisanduku kitupu katika fomu iliyokamilishwa kwa kitufe hicho husomwa kwa namna moja, na kisanduku kitupu katika fomu ambayo hakuna aliyeikamilisha husomwa kwa namna nyingine.